Mpingo wa Maabara Haukomai Haraka

Kuanzia Bunju hadi Bagamoyo, wenye mashamba huwauliza wataalamu wa miche swali lile lile: mpingo wa maabara unakomaa kwa miaka mingapi? Kwa miaka ile ile ya mpingo wa porini: 70 hadi 100, pengine zaidi.

Imani kwamba maabara huharakisha mti imetokana na mikaratusi. Watu wameona mikaratusi ya kloni ikirefuka upesi, wakadhani siri ni chupa ya maabara. Mingi haikupita hata chupani. Ni vipandikizi vilivyooteshwa kitaluni. Kasi yake ilitokana na uchaguzi: jamii ya grandis ilichanganywa na camaldulensis, wakachujwa machotara, aliyeshinda ndiye akazidishwa. Mpingo haujachujwa hivyo. Ukinakili mmoja mara elfu, umepata mpingo ule ule, na ugonjwa unaouweza mmoja utaiweza yote.

Tena kuunakili ni kazi. Kipande cha pingili huoshwa kwa jiki, kikasimamishwa kwenye jeli ya agari yenye chumvi, sukari na homoni. Kikiwa kimetoka kwenye mti mkongwe, jeli inayokizunguka hugeuka kahawia: jeraha lake linatoa kemikali zinazokiua chenyewe. Kikipona, huweza kuchipua kisitoe mizizi. Kikitoa mizizi, hutolewa nje kikiwa hakijui jua kali wala upepo, na hapo vingi hunyauka. Gharama yote hiyo ya nini, ilhali mbegu mpya ya mpingo, bila kuchemshwa, huota ndani ya wiki chache?

Inayostahili jitihada za maabara ni miti kama Karomia gigas, iliyopatikana Kilwa mwaka 1993. Imebaki michache mno, na fangasi huharibu mbegu zake nyingi. Mwaka 2018 mbegu zilipelekwa Missouri Botanical Garden, Marekani, chache ziliota.

Kwa mpingo, kusanya maganda makavu kutoka miti mingi iliyo mbalimbali, otesha kwenye viriba, panda masika, palilia, zuia moto. Visiki usiving'oe, mizizi huchipua. Ukipanda na miti mingine ya mbao, mbegu ya mkongo ikwaruze kwanza. Mche wa mninga ukikauka juu kiangazi, uache: mzizi unaendelea kukua, na shina litarudi.

Kupanda peke yake hakutoshi; iliyopo nayo ilindwe. Msitu wa Zaraninge unalindwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Vichaka vya mpingo vya vijijini havina ulinzi huo, na matanuri ya mkaa yanavimaliza. Fedha za mpingo zianzie huko.