Mkaa wa Kentridge si wa kupikia!

Msomaji wangu, kwako mkaa ni wa jikoni tu, siyo? Basi yupo jamaa wa Johannesburg, William Kentridge, mzaliwa wa 1955, anayefanyia mkaa mambo makubwa jukwaani. Anachora, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena. Mwishowe michoro inatembea kama sinema nyuma ya waigizaji.

Na siyo porojo. Mwaka 1997, akiwa na kundi la Handspring, alitoa "Ubu and the Truth Commission". Humo vikaragosi vya mbao vinasema ushahidi wa watu walioumizwa na makaburu.

Iliyonigusa mimi ni ya 2018, "The Head & the Load", iliyoanzia London. Vivuli vya watu wenye mizigo vinapita ukutani: ni wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Wapagazi wa Waingereza huku kwetu waliitwa Carrier Corps. Ndiyo Kariakoo hiyo! Sisi tunagombania bei ya vitenge pale, wenye jina tumewasahau. Jamani, wasanii wetu wa Bongo, mkaa si tunao?