Spika Sita, na Neno Halisikiki

Siku hizi ni nadra kuingia nyumba ya watu waliooana karibuni, iwe Kibokoni, Kuze au Majengo, usiikute runinga bapa ukutani na spika zimepangwa kando yake kama askari wa gwaride. Tano ni ndogo ndogo, na ya sita ni kubwa, yakaa chini, ile vijana waiitayo sabufa. Wenye kuuza huiita seti nzima hom thieta, yaani sinema ya nyumbani, na juu ya kasha huandikwa 5.1: tano ni za sauti kamili, na hiyo moja baada ya nukta ni ya ngurumo. Bei yake mwenye nyumba hukutajia kabla hujauliza. Ela ukikaa nusu saa ukasikiza, utamsikia yeye mwenyewe akinong'ona: "Lakini sauti, mbona siyo niliyoidhania?"

Malalamiko hayo huja kwa sura tatu. Kuna ngurumo nyingi na maneno machache. Kuna sauti iliyotandaa chumba kizima, wala huwezi kuonyesha kwa kidole mwimbaji yuko wapi. Na kuna ukali: masikio yachoka kabla wimbo haujesha, na ukipunguza husikii kitu. Watu wetu wakipatwa na moja katika hayo, dawa yao ni kununua kubwa zaidi.

Nami nimeonelea leo, wasomaji wapenzi, tulizungumze jambo hili, kwani kwetu sisi watu wa pwani si jambo la anasa tupu. Nyimbo zetu ni mashairi yaliyotiwa lahani. Mtu wa kwingine akikosa neno hubaki na ngoma akatosheka; wa kwetu akikosa neno amekosa wimbo.

Tuanze na neno lenyewe, kwani hapo ndipo wengi wasipopatazama. Chuoni maalim alitugongesha herufi mpaka kila moja ikatoka mahali pake. Sadi isiwe sini, wala dhali isiwe zai. Hakutufundisha elimu ya sauti kwa mashine, lakini mashine zathibitisha aliyotwambia. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo tangu 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Nguvu nyingi ya sauti ya mtu imo katika irabu, na hizo hukaa chini ya mitetemo 1,000. Herufi kama s, f, t na sh ni dhaifu mno, na makao yake ni juu, 2,000 na kuendelea. Nguvu i chini, maana i juu. Basi spika ikitia ngurumo na kumeza zile za juu, utapata mtu aimbaye "aaa, ooo" ndani ya pipa.

Na sisi wa Mvita tuna taabu ya ziada. Kwetu paa la nyumba na paa wa mwituni, yule mfano wa swala, hutengana kwa pumzi tu: mnyama hutoka na pumzi mdomoni, la nyumba halina. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Pumzi ile ni mvumo mdogo wa juu, wapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikiliwa na mashine, maana imegeuka.

Sasa nitaje kisa, maana bila kisa haya ni maneno ya hewani. Dada yangu mkubwa, mjane mwenye miaka 70 na kitu, aliletewa seti kama hiyo na mwanawe arudipo kutoka Dubai. Kijana alikuwa na nia njema. Marehemu babake alikuwa akiimba katika harusi za mtaani, si mtu wa jina kubwa, na kanda moja ya sauti yake ndiyo iliyosalia. Kijana alitaka mamake aisikie vizuri, na yeye aandike mashairi yale daftarini kabla kanda haijafa. Baada ya wiki mbili mama alikuwa amerudi kwenye redio yake ya zamani yenye spika moja, naye kijana amenuna. Wakagombana juu ya ubeti mmoja. Kijana aliandika paa la nyumba, mama akasema, "Babako hakuimba mapaa ya watu, aliimba paa wa mwitu." Fundi mmoja aliyeitwa akatoa rai ya kununua sabufa kubwa zaidi na amplifaya ya pili. Kijana akataka kuiuza seti yote kwa hasara.

"Shikamoo mjomba," akaniambia, "njoo uitazame kabla sijaitoa."

Nilipoingia niliona mambo matatu bila kuwasha kitu. Spika za mbele zilikuwa juu ya kabati ili wajukuu wasizifikie, na kila moja imevishwa kitambaa cha kufuma, kizuri, cha maua. Spika ya katikati, ambayo katika filamu ndiyo ibebayo karibu maneno yote ya wasemaji, ilikuwa imesukumwa ndani ya kabati nyuma ya kioo. Na sabufa imekwamishwa pembeni kabisa, nyuma ya kochi.

Kitambaa ni pambo la nyumba, nami simkatazi mtu mapambo, lakini kikiangukia mbele ya spika huzuia zile sauti za juu zilizo nyembamba kama uzi. Sauti hizo pia hutoka kwa mstari, kama mwanga wa tochi. Spika ikiwa juu ya kabati, tochi yamulika dari. Kijispika kidogo cha ndani, kile cha sauti nyembamba, chataka kuwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Mbili za mbele na kikao chako zifanye pembe tatu zilizo sawa: umbali wa spika na spika uwe kama umbali wa kila moja na wewe. Za nyuma zikae ubavuni, nyuma kidogo ya masikio na juu yake kidogo. Ile ya katikati tuliitoa kabatini, tukaiweka chini ya runinga, mdomo wake umeinuliwa kidogo kuelekea kochi.

Kisha waya. Hapa ndipo nilipoukuta ugonjwa mkubwa. Kila spika ina ncha mbili, nyekundu na nyeusi. Ukiigeuza moja, spika haifi, hupiga kama kawaida. Lakini mwenzake akisukuma hewa mbele, yeye aivuta nyuma. Kwa kuwa sauti ya mwimbaji huwekwa sawa katika pande zote mbili, hizo mbili hupingana. Midundo ya chini hupungua, na mwimbaji hutoweka katikati akawa hayuko popote. Alama yake ni hiyo: sauti imeenea lakini haina mwenyewe. Spika ya kushoto ya dada yangu ilikuwa imefungwa kinyume. Kujua si kazi. Zima mashine, ng'oa waya ule kwenye amplifaya, uguse ncha zake kwa jiwe moja la redio la volti 1.5, mara moja tu na kuondoa. Chanya ikiwa kwenye nyekundu, kikombe kikubwa cha spika huruka mbele. Kikirudi nyuma, umegeuza. Usikifanyie hivyo kile kidogo cha sauti nyembamba, si kazi yake.

Watu huniuliza kama waya wa bei kubwa unasaidia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5 za mraba watosha nyumba zetu zote. Ule mwembamba kama wa kengele ndio wa kuepukwa, hasa ukienda mbali, kwani hula nguvu njiani. Zaidi ya hapo ni fedha za mtu na hiari yake.

Risiva nayo ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, ikidhani spika zote ziko umbali mmoja. Sauti hupita hewani kwa mwendo wa mita 348 hivi kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo kila mita moja ni ucheleweshaji wa karibu sehemu tatu za elfu ya sekunde. Mashine yataka kuambiwa umbali wa kila spika, nayo huichelewesha ile iliyo karibu ili zote zifike pamoja. Tulipima kwa futi ya fundi cherehani. Tukaiambia pia kwamba spika zile ni ndogo, na kila kilicho chini ya mitetemo 80 kiende kwa sabufa. Walipokuwa wamezitaja kuwa kubwa, vijikombe vile vilikuwa vikihangaika kubeba ngoma visizoiweza, na katika kuhangaika huko vikaharibu maneno.

Ya sabufa ni ya kuchekesha. Pembe ya chumba huongeza ngurumo kwa sababu kuta mbili na sakafu hurudisha sauti pamoja. Njia ya kuitafutia mahali ni kuiweka juu ya kochi, pale mtu akaapo, uwashe wimbo wenye mdundo, kisha utambae kwa magoti kando ya kuta ukisikiza. Pale usikiapo mdundo safi, usiovimba wala kufifia, hapo ndipo uiweke. Kijana alitambaa, na mamake akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya seti hizi havilijui, nalo ni nyumba zetu wenyewe. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, mita tatu kasoro. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, ngumu kama mwamba. Chumba cha upana wa mita 2.9 kina mvumo wake mwenyewe, karibu mitetemo 60 kwa sekunde, kwa sababu wimbi la mvumo huo ni refu mara mbili ya upana ule, likipiga ukuta hurudi na kukutana na lijalo. Noti hiyo ikipigwa, chumba chote huitikia, na ukikaa umeegemea ukuta ndipo izidipo. Vuta kochi mbele kidogo, hata hatua moja. Kuhusu mwangwi wa juu, mkeka pekee hautoshi. Zulia zito, makochi ya kitambaa, mapazia mazito yenye mikunjo, na rafu ya vitabu hufanya kazi. Wazee walikuwa na zidaka ukutani, na ukuta wenye zidaka hutawanya sauti kuliko ukuta mtupu. Trei za mayai, ambazo nimeziona zimegandishwa ukutani na vijana fulani, hupunguza kidogo zile za juu. Ngurumo hupita kama hazipo.

Tukaja kwenye kanda yenyewe. Kanda nyingi za taarab ya Mvita, zikiwemo nyingi za Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014, zilinaswa harusini penyewe, watu wakishangilia. Sauti yake ni ya njia moja, si mbili. Ukiitia katika risiva na ukaacha kile kitufe cha kuitawanya kwa spika tano, mashine huona pande mbili zimelingana, ikadhani ni msemaji wa filamu, ikaipeleka yote katika spika ya katikati. Yaani ile iliyokuwa kabatini. Chagua stirio, spika mbili za mbele zifanye kazi peke yake. Na mashine ya kanda isafishwe kichwa kwa spiriti na pamba. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kukisimamisha wima. Kikiinama hata kidogo, sauti za juu hupotea kabla hazijafika kwenye waya. Kitufe cha Dolby kizimwe kama kanda haikunaswa kwa Dolby, kwani huzifisha.

Tulipomaliza ilikuwa baada ya Isha. Kijana akairudisha kanda mara tatu pale pa ugomvi. Pumzi ilisikika. Akafuta daftarini bila kusema neno, na mamake akamwambia, "Haya, andika paa wa mwitu." Tangu hapo wameandika nyimbo nne, ya tano ina pahala kanda imekunjwa, na hapo hapana dawa.

Nimesahau kutaja wati. Makasha huandikwa wati 5,000 au 10,000 kwa herufi za P.M.P.O. Hesabu hiyo si ya kutegemewa, haina kipimo kinachokubaliwa. Itazame ile iandikwayo R.M.S. Hata ukizidisha wati mara mbili za kweli, huongezi ila desibeli 3, tofauti ambayo mtu wa kawaida huisikia kidogo tu. Sauti ionekane imekuwa mara mbili, wataka wati mara kumi hivi. Basi fundi akikushauri ununue kubwa, mwambie kwanza atazame waya.

Na sabufa ikisimama juu ya sakafu ya boriti, weka chini yake kipande cha mpira au godoro jembamba. Nyumba zetu zashirikiana kuta, na ngurumo ile huwafikia majirani kuliko wimbo wenyewe. Usiku ipunguzeni. Mashine nyingi zina kitufe cha usiku, kikibonyezwa kelele za ghafla hushuka na maneno hubaki.