Anna Julia Cooper: nani afundishwe nini?

Anayesoma historia ya elimu ya Wamarekani Weusi hukutana upesi na Booker T. Washington na W.E.B. Du Bois. Jina la Anna Julia Cooper huchelewa kufika.

Alizaliwa utumwani mwaka 1858, huko Raleigh, North Carolina. Shuleni kwake Kigiriki kilitengewa wanaume waliosomea uchungaji. Alidai naye aingie, akakubaliwa. Katika chuo cha Oberlin alifuata kozi ya wanaume, akahitimu mwaka 1884.

Hoja yake kuu imo katika kitabu A Voice from the South (1892). Wakati ule, waliosikilizwa juu ya rangi walikuwa hasa wanaume Weusi, na juu ya jinsia wanawake Weupe. Mwanamke Mweusi aliguswa na maswali yote mawili, lakini hakuhesabiwa katika lolote. Cooper akabadili kipimo: maendeleo ya watu Weusi hayaonekani kwa wanaume wachache waliofika juu, bali kwa hali ya mwanamke anayelea kizazi kijacho. Hapo unaweza kumkosoa kwamba anamthamini mwanamke kwa sababu ya wengine. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho anasema kuwa elimu humwezesha mwanamke kujitegemea, asilazimike kuolewa ili apate riziki.

Tangu 1902 hadi 1906 alikuwa mkuu wa M Street High School, Washington. Wengi walitaka watoto Weusi wafundishwe kazi za mikono tu. Cooper hakudharau ufundi; alikataa rangi ya ngozi iamue mtaala. Alishikilia masomo ya kuandaa vijana kwa chuo kikuu, na baadhi ya wanafunzi wa shule hiyo waliingia Harvard. Mwaka 1906 hakuteuliwa tena, lakini mwaka 1910 alirudi kufundisha Kilatini.

Mwaka 1925, akiwa na miaka 66, alitetea tasnifu yake huko Sorbonne, kwa Kifaransa, juu ya msimamo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa Mapinduzi. Alionyesha kwamba mijadala ya Paris haieleweki bila Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaweza kuifikia tasnifu hiyo bila mfasiri. Tuisome pamoja na kitabu cha 1892, kisha tuulize kuhusu mitaala yetu: somo hili limepangiwa nani, na nani amedhaniwa tangu mwanzo kuwa haliwezi?