Dari na Matundu ya Hewa

Katika nyanda za juu kama Njombe na Makete, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Asubuhi matone hudondoka kutoka kwenye bati. Lakini mvua haikunyesha. Maji haya yametoka wapi?

Watu wanapopumua na kupika, mvuke huingia hewani. Mvuke hupanda juu. Ukigusa bati lenye baridi, hugeuka maji. Maji hulowesha matandiko. Hulowesha pia mahindi yaliyowekwa chini ya bati, yakaota kuvu. Kuvu nyingine hutia sumu katika chakula.

Tufanye nini?

Kwanza, tutengeneze dari ya mbao, au ya mianzi iliyokandikwa udongo. Dari huzuia joto la chumbani lisipotee upesi. Mchana hutukinga na joto la bati.

Pili, juu ya dari tuache matundu ya hewa kwenye kuta mbili zinazotazamana. Hewa iingie huku, itokee kule, iondoe mvuke. Tuweke wavu ili panya na popo wasiingie.

Wengine huziba matundu hayo kwa matambara wakiogopa baridi. Tusifanye hivyo. Kazi ya kuzuia baridi ni ya dari. Kazi ya matundu ni kukausha paa.