Mto Unaenda Upande Gani?

Njooni karibu, watoto. Anayesinzia akae mbele, nimwone. Leo nina hadithi ya mkono wa kushoto na mkono wa kulia.

Palikuwa na msichana wa Kasuku na binamu yake, mvulana wa Alunguli. Mnaijua Kindu yetu: Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo hii, Alunguli iko ng'ambo ile, na katikati unapita Lualaba, mpana, umebeba vijiti na magugu. Asubuhi moja kila mtoto alisimama kwenye ukingo wa kwao, uso kwenye maji. Walikuwa wamepatana kwamba kila mmoja ainue mkono wa upande ambao maji yanakwenda.

Msichana akainua mkono wa kushoto. Mvulana akainua wa kulia.

Jioni wakakutana, na ugomvi ukaanza. "Mto unaenda kushoto!" "Mwongo! Mimi nimeuona kwa macho yangu, unaenda kulia!" Wakaleta na mashahidi. Watoto wote wa Kasuku wakasema kushoto, watoto wote wa Alunguli wakasema kulia. Sasa haukuwa tena ugomvi wa wawili, ulikuwa ugomvi wa ng'ambo mbili.

Babu yao, mvuvi, alikuwa akishona wavu wake pembeni. Akacheka mpaka akaiweka sindano chini. "Wajukuu zangu," akasema, "asubuhi mlipoinua mikono nilikuwa kwenye mtumbwi, katikati ya mto. Niliiona yote miwili. Ilikuwa inaonyesha mahali pamoja: Kisangani."

Kama hamuamini, nendeni ukingoni mkajaribu. Lualaba hapa kwetu unaelekea kaskazini. Aliye Kasuku anautazama mto akiwa ameelekea mashariki, kwa hiyo kaskazini iko kushoto kwake. Aliye Alunguli ameelekea magharibi, na kaskazini hiyo hiyo iko kulia kwake. Hakuna aliyedanganya. Kosa lao ni kwamba kila mmoja alisahau kusema alikuwa amesimama wapi.

Hapo ndipo penye neno la leo: mtazamo. Mtazamo ni kile unachokiona kutoka pale uliposimama. Lakini shikeni na lile la babu, kwamba mikono yote miwili ilionyesha mahali pamoja, maana watu wengi huliacha njiani. Kusema kila mtu ana mtazamo wake si kusema kila kitu ni kweli. Angetokea mtoto wa tatu akasema mto unapanda kurudi Kasongo, huyo angekuwa amekosea, hata angesimama wapi.

Sasa tuwaache watoto hao, tufuate maji haya haya miaka mingi nyuma.

Mwaka 1876 watu wawili walikutana hapa Maniema. Mmoja alikuwa Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa magazeti aliyetaka kujua Lualaba unaishia wapi. Mwingine alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Walipatana: Tippu Tip amsindikize Stanley kwa malipo. Mwezi wa Novemba wakaondoka Nyangwe kushuka na mto, na mwisho wa Desemba wakaachana. Stanley akaendelea mpaka Boma, karibu na bahari, akafika Agosti 1877.

Wote wawili waliacha kitabu. Cha Stanley kilitoka mwaka 1878, kwa Kiingereza. Tippu Tip alisimulia maisha yake uzeeni, kwa Kiswahili. Viweke hivyo viwili mezani na utaona mikono miwili ikiinuka. Malipo yalikuwa kiasi gani? Stanley anasema dola 5,000, Tippu Tip anasema 7,000. Watu walipoogopa kuendelea na safari, ni nani aliyewafanya wasonge mbele? Katika kitabu cha Stanley, ni maneno ya Stanley. Katika kitabu cha Tippu Tip, ni ukali wa Tippu Tip. Kila mwandishi alisimama penye sifa zake. Lakini ukisoma vyote viwili, yapo wanayokubaliana: walisafiri pamoja, walilipana, waliachana njiani. Hiyo ndiyo Kisangani yao.

Hadithi ya tatu ni nzito zaidi. Tarehe 1 Februari 1877, mbali huko chini ya Kisangani, mahali mto Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa, Stanley aliona mitumbwi 54 ikimjia. Ngoma zinalia, pembe zinapulizwa, watu wamevaa manyoya kichwani na wanaimba. Akaandika kwamba ilikuwa vita. Bunduki zikapigwa.

Miaka mingi baadaye mzee mmoja wa huko, Mojimba, alimweleza padri Joseph Fraessle habari ya siku hiyo, na padri akaiandika. Mzee alisema: tulisikia mgeni anakuja, mgeni wa ajabu, tukaamua kumpokea kwa heshima. Tukavaa mavazi ya sherehe, tukatoa mitumbwi, tukapiga ngoma. Tukajibiwa kwa moto, na ndugu zetu wakafa.

Ngoma ile ile. Sikio moja lilisikia vita, lingine lilisikia karibu mgeni.

Je, tuseme basi kila mmoja ana ukweli wake, tufunge kitabu? Hapana. Ulizeni maswali matatu. La kwanza: msimulizi alikuwa amesimama wapi? Stanley alikuwa mgeni asiyeijua lugha ya ngoma zile, naye alikuwa amekwisha kupigana njiani mara nyingi. Mojimba alikuwa kwao. La pili: kutoka pale, ni kitu gani hakuweza kukiona? La tatu: yapi hayabadiliki, hata ukivuka ng'ambo? Hayabadiliki haya: bunduki zilipigwa, watu walikufa, na watu wa Stanley waliingia kijijini wakachukua pembe za ndovu. Hilo la pembe Stanley mwenyewe ameliandika.

Mnaweza kuanza na jambo dogo. Kesho shuleni chagueni ugomvi uliotokea bombani, pale ndoo zinapopangwa foleni. Mmoja aandike kama mwenye ndoo iliyosogezwa, mwingine kama aliyeisogeza, na wote wakatazwe kusema uongo. Halafu darasa zima liandike karatasi ya tatu: mambo yaliyo katika karatasi zote mbili. Mtashangaa jinsi karatasi hiyo ilivyo fupi, na jinsi ilivyo ngumu kuiandika.

Binamu wale wa Kindu walikuwa na bahati, babu yao alikuwa katikati ya mto akaona mikono yote miwili. Siku ile ya Aruwimi hapakuwa na babu katikati ya maji. Kwa hiyo, wajukuu zangu, chukueni kafi. Ng'ambo ile lazima mvuke wenyewe, mkasikilize, kisha mrudi.