Binti Anataka Kusoma Vijidudu: Tumzuie au Tumsaidie?

Mwezi huu tunaanza na swali la mama mmoja tuliyekutana naye kwenye foleni ya maji. Binti yake amemaliza sekondari, upande wa biolojia na kemia, na sasa anasema anataka kusoma habari za vijidudu mpaka digrii ya pili. Mama akatuambia hivi: "Jamani, mtu anasoma vijidudu miaka yote hiyo ili iweje? Shangazi zake wanauliza ataolewa lini. Baba yake anasema bora ajifunze cherehani apate pesa upesi. Mimi niko katikati, sijui nishike lipi."

Hatukutaka kumjibu harakaharaka. Tumekaa, tumeulizana, tumesoma, na haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika hapa sababu tunajua swali hili liko katika nyumba nyingi, siyo kwa mama huyu peke yake.

MASOMO HAYA NI YA NINI?

Vijidudu ni viumbe vidogo mno ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Kuna bakteria, virusi, fangasi, na vimelea kama vile vinavyoleta malaria. Elimu ya kuvichunguza huitwa mikrobiolojia. Elimu nyingine, imunolojia, huchunguza kinga, yaani jinsi mwili unavyojilinda. Vyuo vingi huzifundisha pamoja, na ndivyo inavyopaswa. Huwezi kumjua mlinzi vizuri kama humjui mwizi anayemzuia.

Sisi wa kambini tunakula matunda ya elimu hizi kila siku, ingawa hatuzitaji majina. Lile kovu dogo begani kwa mtoto ni alama ya chanjo ya kifua kikuu. Ile kadi ya kliniki mama anayoitunza ndani ya mfuko wa nailoni ni historia ya kinga ya mtoto wake. Na wengi bado tunakumbuka mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakashikwa na kipindupindu. Mwaka huohuo chanjo ya kumeza ya kipindupindu ilitolewa katika kambi ya Nyarugusu. Chanjo ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa maabara miaka na miaka, wakakisoma kijidudu kile mpaka wakakijua.

MTOTO WA WAKULIMA

Basi tumtazame mtu mmoja ambaye wengi mmemsikia redioni, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Alizaliwa mwaka 1942, akakulia Bandundu, na wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Angeweza kuishia hapo, maana daktari ni daktari, heshima anayo na mkate anapata. Lakini akaenda Ubelgiji, chuo kikuu cha Leuven, akasoma tena mpaka shahada ya udaktari wa falsafa katika mambo ya virusi. Huko alifanya utafiti wake kwa kutumia panya.

Aliporudi nyumbani miaka ya 1970, alikuta nini? Maabara ya kufanyia kazi hakuna, na panya wa majaribio pia hakuna. Fikiria, ndugu msomaji, umesoma miaka yote hiyo, umerudi, halafu chombo cha kazi hakipo! Wengine wangepanda ndege kurudi Ulaya. Yeye akachukua kazi ya kuzunguka mikoani kufuatilia magonjwa ya milipuko.

Ndiyo maana mwaka 1976, habari ya ugonjwa usiojulikana ilipotoka Yambuku, kaskazini mwa nchi, alitumwa yeye. Watu walidhani ni homa ya matumbo. Muyembe alitoa damu wagonjwa bila glovu, maana hazikuwepo. Alipochomoa sindano aliona kitu ambacho hajawahi kukiona: damu iliendelea kutoka pale alipochoma, haikugandi, ikamchuruzika vidoleni. Akaosha kwa sabuni na maji. Kupona kwake ni bahati kubwa.

Hapo ndipo masomo yalipofanya kazi. Alishuku kwamba hii siyo homa ya matumbo. Akamshawishi mtawa mmoja Mbelgiji, aliyekuwa mgonjwa, wasafiri naye mpaka Kinshasa apimwe. Mtawa alifariki, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji, mji wa Antwerpen. Baadaye ikathibitishwa kuwa ni virusi vipya kabisa, wakaviita Ebola, jina la mto wa upande ule. Katika mlipuko ule waliugua watu 318, wakafa 280.

Damu ilikwenda, na sifa nazo zikaenda. Kwa miaka mingi, habari ya kugunduliwa kwa Ebola ilisimuliwa huko nje kama habari ya wataalamu wa Ulaya na Marekani tu, na Mkongo aliyetoa damu kwa mikono mitupu hakutajwa sana.

WATU WANANE WA KIKWIT

Mwaka 1995 Ebola ikapiga mji wa Kikwit. Watu zaidi ya 300 waliugua, na wanane kati ya kila kumi walikufa. Muyembe na wenzake wakajiuliza swali la mtu aliyesoma imunolojia: waliopona, wamepona kwa nini? Mwili ukimshinda adui, unabaki na askari wanaomkumbuka adui yule. Askari hawa tunawaita kingamwili, na wanakaa ndani ya damu. Je, tukichukua damu ya aliyepona tukampa anayeumwa, askari wale hawatamsaidia?

Wakafanya hivyo kwa wagonjwa wanane. Saba wakapona.

Mtu wa kawaida angesema, basi, dawa imepatikana! Lakini wanasayansi wengine wakauliza: mnajuaje ni damu iliyowaponya? Labda walikuwa wamekwisha kupita siku mbaya zaidi za ugonjwa. Labda ni uangalizi mzuri, maana kufikia wakati ule hospitali ilikuwa imepata vifaa. Hawakuwepo wagonjwa wengine wa kulinganisha nao. Swali hilo lilikuwa gumu, lakini lilikuwa la haki.

Kumbe jibu lilihitaji karibu robo karne. Miaka kumi na mmoja baada ya mlipuko ule, watafiti walichukua damu ya mtu aliyepona Kikwit, wakakuta bado ina kumbukumbu ya vita ile. Kutoka damu hiyo, wataalamu wa Kongo na wa Marekani walipata kingamwili moja yenye nguvu, wakaipa jina mAb114.

Halafu mwaka 2018 Ebola ikaingia Kivu Kaskazini na Ituri. Wengi wetu tuna ndugu kule, na tunakumbuka tulivyokuwa tukingojea simu kwa hofu. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Mnamo Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, yalianza majaribio ya dawa nne. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu ili pasiwe na upendeleo. Agosti 2019 majibu yakaonekana wazi. Kwa dawa mbili, karibu nusu ya wagonjwa walikufa, au kidogo zaidi. Kwa mAb114 walikufa kama 35 kati ya 100, na kwa nyingine iitwayo REGN-EB3 kama 34. Kwa wale ambao virusi vilikuwa bado vichache mwilini, kwa dawa hizi mbili alikufa kama mmoja tu kati ya kumi. Desemba 2020 serikali ya Marekani iliidhinisha mAb114 kuwa dawa rasmi, kwa jina la Ebanga.

Sasa mama yetu wa foleni anaweza kuona miaka inakwenda wapi. Darasani mtu anajifunza majina ya vijidudu. Lakini kwenye digrii ya pili na ya tatu anajifunza kuuliza "unajuaje?" na kutafuta jibu ambalo hata mpinzani atalikubali. Hilo haliji kwa mwaka mmoja.

DAMU YETU INASOMWA NA NANI?

Sisi wakimbizi tumepimwa sana. Tunatolewa damu, tunaulizwa maswali, karatasi zinajazwa, gari linaondoka. Mara nyingi hatujui majibu yalikwenda wapi. Hatusemi wapimaji ni wabaya, la hasha, wengi wametuokoa. Tunasema tu kwamba meza ile inahitaji pia mtoto wetu, anayejua lugha ya bibi na anayeweza kumweleza kwa nini damu inatolewa.

Mwaka 2019 Muyembe alisema kwamba sampuli za damu za mlipuko ule zitabaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje azichunguzie pale. Aliweza kusema hivyo sababu sasa mahali pa kuzichunguzia papo: taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa, ambayo alianza kuiongoza mwaka 1998, na vijana waliosomeshwa kuendesha mashine zake. Kama hakuna aliyesoma, damu lazima isafiri.

NJIA YENYEWE IKOJE?

Tusidanganyane, njia ni ndefu. Ina ngazi zake:

1. Shahada ya kwanza. Inaweza kuwa udaktari, maabara ya tiba, au biolojia. Ni miaka mitatu mpaka mitano au zaidi, kulingana na fani na nchi. Wazee wetu wa Kongo waliozoea kuhesabu gradua na lisansi wataelewa.

2. Shahada ya pili, yaani uzamili. Mara nyingi ni miaka miwili. Kwanza ni masomo ya bakteria, virusi, vimelea, kinga, na hesabu za takwimu. Halafu ni utafiti wake mwenyewe chini ya msimamizi, na kuuandika. Hapa Tanzania, chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, kina idara ya elimu hizi mbili.

3. Shahada ya tatu, yaani uzamivu. Miaka mitatu au zaidi, karibu yote ni utafiti.

Kuhusu pesa, kuna ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Umesomesha wakimbizi wengi, lakini ni wa shahada ya kwanza. Kwa digrii ya pili, mwanafunzi hutafuta ufadhili wa chuo chenyewe, au nafasi ndani ya mradi wa utafiti wa profesa. Nafasi ni chache na masharti hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya elimu kabla ya kujipa matumaini. Na mtu akiwaomba pesa ili awapatie fomu ya ufadhili, huyo ni tapeli. Mkimbieni!

Mwisho, mkumbuke kwamba siyo lazima mtu apande ngazi zote kwa mara moja. Mwenye stashahada ya maabara tayari ana kazi mikononi. Anayeangalia tone la damu kwa darubini na kusema "hii ni malaria" au "hii siyo malaria" anaokoa maisha leo, na kesho anaweza kuendelea.

TUNAMWAMBIAJE MAMA?

Mama, tunaheshimu mawazo ya baba yake. Cherehani siyo adui wa kitabu. Binti anaweza kushona wakati wa likizo, na fedha ile ikamnunulia kalamu na nauli. Shangazi nao wapewe jibu la upole, kwamba ndoa haikimbii.

Ila tunaomba mambo matatu. Mwekeeni vyeti vyake mahali pakavu, kwenye nailoni, karibu na kadi za kliniki, sababu bila vyeti hakuna chuo kitakachompokea. Mpunguzieni kazi za jioni apate saa moja ya kusoma kabla giza halijaingia. Na mkimwona anauliza "kwa nini" mara kwa mara mpaka anawachosha, msimkemee. Kazi anayoitaka inaanzia hapo.

Wale wakulima wa Bandundu hawakujua mtoto wao angefika wapi. Walimpeleka shule, basi. Nasi tukimruhusu binti huyu, hatujui atafika wapi. Lakini tukimzuia, tunajua.

Tukutane mwezi ujao. Kama una swali la nyumbani kwako, tuletee, hata kwa karatasi ya daftari.