Mwalimu Aliyefundishwa na Wanafunzi Wake

Mpira wa Kimarekani si kama huu wetu. Umechongoka huku na huku, huchukuliwa mikononi, na wachezaji huangushana chini. Katika mchezo huo Knute Rockne alipata sifa kubwa.

Alizaliwa Norway mwaka 1888. Alipokuwa na miaka 5 walihamia Chicago. Fedha nyumbani zilikuwa haba, ikambidi kijana kufanya kazi ya posta ili aweke akiba ya masomo. Alikuwa na miaka 22 alipoingia Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha mapadre wa Msalaba Mtakatifu. Yeye alikuwa Mlutheri.

Likizo ya mwaka 1913 yeye na rafiki yake Gus Dorais walifanya kazi pwani ya ziwa, huko Cedar Point. Kila walipopata nafasi, Dorais alirusha mpira mbali, naye Rockne akaudaka huku akikimbia. Sheria iliruhusu jambo hilo tangu 1906, lakini wengi hawakulijali. Basi, tarehe 1 Novemba, Notre Dame wakawashinda wanajeshi wa chuo cha West Point, 35 kwa 13. Watu wakastaajabu.

Tangu 1918 hadi 1930 Rockne alikuwa mwalimu mkuu wa timu. Alishinda michezo 105, akashindwa 12 tu, na 5 ilikuwa sare.

Lakini ushindi mwingine aliueleza mwenyewe. Kabla ya mchezo mmoja mkubwa, wakiwa safarini, alikosa usingizi kwa wasiwasi. Alfajiri akawaona vijana wake wakitoka hotelini. Walikwenda wapi? Kwenye Misa! Akawafuata, akawaona wakipokea Komunyo, nao wameacha usingizi wao kwa ajili hiyo. Jambo hilo likamwingia moyoni. Tarehe 20 Novemba 1925 alibatizwa katika kikanisa cha magogo, pale pale chuoni.

Tarehe 31 Machi 1931 ndege aliyopanda ilivunjika bawa, ambalo lilikuwa la mbao, ikaanguka karibu na Bazaar, Kansas. Wote 8 walikufa. Aliagwa Jumamosi Kuu katika kanisa la chuo.

Wale vijana hawakumhubiria mwalimu wao hata neno moja. Waliamka mapema tu, wakaenda kusali. Nasi wazazi, je, watoto wetu wanatuona tukienda wapi alfajiri?